Ukurasa wa Tatu wa Mshonaji

9 Januari

Mjomba,

Nimeiba ukurasa mmoja kazini. Sijamwambia Mama wala rafiki yangu wala mtu mwingine yeyote. Nimeukunja mara nne na kuuficha ndani ya jalada la daftari langu la jiografia, mahali ambapo hakuna atakayetafuta kwa sababu shule nimeshamaliza.

Unisamehe kwa kuanza na jambo kabla ya salamu. Niliandika salamu kwenye karatasi mbili nikazichana zote, maana kila nilipofika kwenye "sisi huku hatujambo" niliona nadanganya. Sasa nakusalimu: shikamoo. Mama hajambo, ila goti linamsumbua akipanda ngazi. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na siku hizi anacheka kwa kuziba mdomo kama bibi harusi. Matokeo ya mtihani bado. Mama alisema hawezi kuniangalia nikikaa mlangoni kama gunia, akanitafutia kazi kwa Mwalimu mstaafu aliyemfundisha yeye kusoma.

Mwalimu anatengeneza kitabu cha kumbukumbu za vita vya siku kumi na mbili kule Kisiwani. Anataka kuwaweka pamoja askari na raia, kila mtu kwa maneno yake. Wengi wa waliohama Kisiwani wanaishi mjini hapa, kwa hiyo wanakuja wenyewe. Wengine wanaleta madaftari, wengine wanasimulia. Kazi yangu ni kuchapa. Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la matairi, kina meza mbili na dirisha moja, na mashine ya kuchapa ambayo herufi ya k inaruka. Unanijua, Mjomba, hata kuomba chumvi mezani naona haya. Kazi hii niliipenda kwa sababu mashine inapiga kelele na mimi nanyamaza.

Wiki iliyopita nilipewa kurasa tano za mama mmoja mshonaji. Ndiye aliyenishonea sketi zangu za shule. Ukurasa wa tatu ndio nilioiba. Nakunakilia sehemu yake:

"Askari walikuwa wakiingia nyumba moja mara tatu kwa siku, wanapindua magodoro, wanamwaga unga. Nikaona kwamba nyumba yenye alama hawaiingii. Alama ilikuwa duara jeupe lenye mstari katikati, wanaipaka kwenye ukuta unaotazama kilima. Siku ya nane nilimfuata askari aliyebeba kopo nikamwomba aniwekee na mimi. Wenzake walimwita Rangi. Alikuwa kijana, sikio lake la kushoto lina pengo juu. Alicheka akasema, 'Yako, mama, nitaipaka vizuri kuliko zote.' Akapaka. Siku ya kumi mizinga ya kilimani ilipiga nyumba zenye alama. Mimi nilikuwa nimekwenda kisimani. Ndani walikuwamo mume wangu, mama mkwe wangu na mwanangu wa miaka minne. Alama ile niliiomba mimi kwa mdomo wangu. Mtu asimlaumu mwingine."

Mama huniambia pengo la sikio lako lilitokana na bati mlipokuwa watoto. Na nyuma ya ile picha yako ya jeshi pameandikwa kwa penseli, "Rangi, wiki ya kwanza."

Kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa mwezi wa saba. Niandikie kwamba siyo wewe. Ukiniandikia hivyo tu, ukurasa nitaurudisha siku hiyohiyo.

Mpwa wako.


2 Februari

Bi Kimya,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku nne kwa karani wa mitambo kwa sababu ameamini kuwa mimi sina ndugu wanaojua kuandika. Mimi ni mzima. Pampu namba mbili inakohoa kama mzee wa tumbaku, naifungua asubuhi, naifunga jioni, kesho yake inakohoa tena. Chumba changu kimepakana na mitambo, ukuta unatetemeka mpaka kikombe kinatembea mezani chenyewe. Wageni hawakai, na hilo ndilo ninalolipenda. Mwambie dada goti alikande kwa maji ya moto, asiende kwa wale wauza mafuta. Na huyo kibogoyo wetu mwambie meno yakiota nitampa zawadi, yasipoota nitampa uji.

Kuhusu ukurasa, urudishe ulikoutoa. Masikio yenye mapengo ni mengi duniani. Na kila kikosi kilikuwa na Rangi wake kama kila darasa lilivyo na Kibonge wake. Mimi nilitoka Kisiwani siku ya saba nina homa, nimelazwa kwenye machela. Mama yako nilishamwambia, muulize.

Nakushauri kama mtu mzima: chapa maneno ya watu, usiyasome. Mpishi akilia kwa kila kitunguu, watu watalala njaa. Usiniulize tena habari hii. Sina hasira na wewe, ila sina la kuongeza.

Huyo mama bado anashona? Macho yake yanaona vizuri?

Mjomba wako.


24 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Goti la Mama limepungua kwa maji ya moto na sasa anatamba kwamba alijua mwenyewe. Matokeo yametoka. Nimefaulu, siyo kwa kung'ara. Mama alipiga kelele mpaka jirani akaja akidhani kuna msiba. Nilijifungia chumbani mpaka wageni walipoondoka.

Umenikataza nisiulize, na mimi tangu utotoni sijawahi kukaidi neno lako. Nitasema tu ninayoyajua.

Sikukuandikia kwamba mshonaji ni mzee, wala kwamba anavaa miwani. Wewe uliuliza macho yake. Mtu asiyemjua angeuliza mikono, maana ndiyo ya cherehani.

La pili, juma lililopita alikuja mzee aliyekuwa mpishi wa kikosi. Hakuandika kitu, alisimulia na mimi nikachapa huku akiongea. Anapenda kuchekesha. Alisema, "Siku ya kumi nilipika maharage yakaungua, na Rangi hakuniacha. Aliokota moja akalipiga juu ya sufuria, kang! Akaniuliza, 'Mpishi, haya unataka tuyale au tuyapige kwa adui?' Nilitaka kumrushia mwiko."

Mwalimu akamuuliza, "Una hakika ilikuwa siku ya kumi?"

Yule mzee akaacha kucheka. Akasema, "Mwalimu, siku ya kumi hakuna aliyekuwepo akaisahau. Baada ya chakula kile ndipo mizinga ilipoanza."

Niliyachapa maneno hayo, Mjomba. Vidole vyangu viliyachapa kabla sijafikiri. Kwa hiyo siku ya saba hukuondoka.

La tatu ndilo linaloninyima chakula. Mwalimu alihesabu kurasa za mshonaji akakuta zinaruka, ya pili kisha ya nne. Alimwita mama anayefagia ofisi. Akamuuliza kwa upole, lakini mbele yangu na mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu, "Mama, takataka unachoma siku gani?"

Yule mama alisimama na ufagio wake akasema, "Mwalimu, miaka sita nafagia hapa. Nimewahi kukupotezea hata pini?"

Tangu siku ile Mwalimu anafunga droo kwa ufunguo, na mama wa watu ameona. Sasa akifagia anaokota kila kipande anampelekea: "Hii je? Na hii ya kufungia maandazi, nayo ni ya vita?" Watu wanacheka. Mimi nainamia mashine yangu. Ukurasa uko nyumbani kwangu, na neno moja tu lingetosha, lakini silisemi. Nashuka ngazi jioni nikijiambia kesho, na kesho yake nasema kesho.

Nisaidie.

Mpwa wako.


30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimengoja siku thelathini na nne. Nilikwenda posta mara sita, na karani wa pale sasa akiniona ananitikisia kichwa kutoka mbali ili nisipange foleni bure. Mama ameanza kuuliza kama unaumwa. Nimemwambia una kazi nyingi.

Ukurasa nimeurudisha. Nilitaka niuchomeke kimya kimya kwenye jalada la Mwalimu asubuhi kabla hajaja, lakini mama mfagizi alikuwapo, na nilipomwona amechuchumaa anaokota vipande vya kaboni chini ya meza, miguu ilikataa. Nilimsubiri Mwalimu aingie. Nikasema nikiwa nimesimama, na sauti ilitoka nyembamba mpaka akaniambia nirudie.

"Ukurasa niliuchukua mimi."

Aliuliza kwa nini. Nikamwambia mtu aliyetajwa namjua. "Ni nani wako?" Nikasema mjomba. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, na haikuwa na uchafu.

Mama mfagizi ndiye aliyezungumza. "Kumbe mdomo unao! Mwezi mzima umeniacha nidonoe karatasi hapa kama kuku, na mdomo unao." Niliomba radhi. Aliendelea kufagia. Hadi leo akifika kwenye meza yangu anaizunguka, sehemu yangu nafagia mwenyewe. Sawa.

Nilidhani nitafukuzwa. Mwalimu aliniwekea ukurasa mbele ya mashine akasema, "Utachapwa kama ulivyo. Na utauchapa wewe." Nikauchapa. Baadaye alisema kama mjomba wako ana la kusema, nafasi yake ipo, na kama hana, halazimishwi, wapo wengi waliokataa.

Mshonaji naye alikuja kusahihisha. Miwani yake imekuwa minene, akisoma anagusa karatasi kwa pua. Alipomaliza ukurasa wa tatu Mwalimu alimwambia, kwa wema, "Mama, katika hii sentensi ya mwisho unajilaumu bure. Ni vita." Akajibu, "Kila mtu ananiambia ni vita. Vita havina mdomo, Mwalimu. Ulioomba ni huu hapa." Akagusa midomo yake kwa kidole chenye tondoo, ile kofia ya chuma wanayovaa washonaji.

Amebeba hili miaka kumi na sita, Mjomba. Kama unajua kitu na hukisemi, anayekikosa ni yeye. Mimi si kitu.

Sitakuandikia tena mpaka uniandikie.

Mpwa wako.


5 Mei

Mpwa wangu,

Salamu kwa mama yako. Mwambie siumwi. Pampu namba mbili imekufa kabisa na wiki tatu nimelala kwenye grisi, hilo ni kweli, lakini siyo sababu ya kunyamaza kwangu. Barua hii nimeianza mara nyingi. Nitaandika kwa mfululizo bila kuisoma upya, ukikuta makosa yasahihishe wewe uliyesoma.

Mimi ndiye Rangi. Kabla ya jeshi nilikuwa naandika vibao vya maduka, kwa hiyo walipotafuta mtu wa kubeba kopo sajini alininyooshea mimi kidole.

Maana ya alama ilikuwa hii: nyumba imekaguliwa, haina mtu. Watu wote walitakiwa kwenda kukaa shuleni, na wengi walikwenda. Ukimaliza kukagua nyumba tupu unapaka duara, unapiga mstari, na kikosi kinachofuata hakipotezi muda kuvunja mlango. Raia waliona tu kwamba nyumba zile haziguswi. Hawakujua kwamba haziguswi kwa sababu kwetu sisi hazikuwa na watu.

Yule mama alinifuata siku ya nane. Alikuwa na uzi mdomoni, alikuwa ameacha kushona aje kunikimbilia. Alisema mama mkwe wake hawezi kutembea, shuleni hawawezi kwenda, na askari wamemmwagia unga mara mbili. Nilijua maana ya alama. Nilijua nyumba yake ina watu, nilimsikia mtoto ndani anahesabu vifungo. Nikaona hakuna ubaya, wataachwa wapumzike. Nikapaka. Tena nilijivunia, nililizungusha lile duara kwa mkono mmoja bila kuinua brashi, kama nilivyokuwa nikifanya kwenye vibao. Lilionekana kutoka mbali.

Hadi hapo mtu anaweza kusema nilitaka kutenda wema. Sasa andika na hili.

Siku ya kumi, saa sita mchana, baada ya yale maharage, sajini alitukusanya. Alisema adui anajificha kwenye nyumba tupu, na kuanzia saa tisa mizinga itapiga kila nyumba yenye alama, wapigaji wataziona kwa darubini. Akauliza, "Kuna swali?" Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe. Nilikuwa nimevua buti kwa mara ya kwanza baada ya siku tano, miguu imevimba, ngozi imetoka na soksi, na nimeitumbukiza kwenye maji ya bahari. Kutoka pale mpaka nyumba ya mshonaji ni mwendo wa nusu saa. Ningeweza kunyoosha mkono nikasema, afande, kuna nyumba moja. Angenitukana, pengine angeniweka ndani, lakini angetuma mtu. Au ningevaa buti nikaenda mwenyewe na kopo la rangi nikaifuta.

Nilifikiria kuvaa zile buti. Nilifikiria hasa pale zinapopita kisigino. Nikajiambia watakuwa wameshakwenda shuleni. Nikajiambia nitapumzika kidogo kisha nitakwenda. Nikalala, mpwa wangu. Nililala usingizi mzuri miguu ikiwa majini, nikaamshwa na mlio wa kwanza.

Sikuwa na homa. Machela sikuiona. Mama yako nilimwambia vile kwa sababu alinipokea mlangoni na jambo la kwanza aliuliza, "Hukuumiza mtu, sivyo?"

Siku ya kumi na moja tulipitishwa njia ile. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, nyumba nyuma yake haipo, macho yamejaa vumbi la chokaa na anayafuta kwa upindo wa gauni. Niliivuta kofia chini. Hakunijua. Ndiyo sababu niliuliza macho yake.

Alichoomba yeye ni kupumzishwa. Mtu aliyejua maana ya alama ni mimi, na mtu aliyeijua saa ni mimi. Ichape. Jina la Rangi liache lilivyo. La kuzaliwa usiliweke, siyo kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mama yako. Na kabla ya kuchapwa asomewe yeye kwanza. Akikataa isichapwe, ichane.

Mjomba wako.


14 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Mama amepata barua yako uliyomwandikia mwenyewe. Hakunionyesha, lakini siku mbili aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, na jana alisema, "Mjomba wako aje, chumba cha nyuma ni kikavu." Basi ujue kwamba chumba cha nyuma ni kikavu.

Mshonaji alikuja Jumanne. Mwalimu alitaka kusoma yeye, mshonaji akasema, "Hapana, asome huyu aliyeiba." Mwalimu alikuwa ameshamweleza habari yangu, na hakusema kwa ukali. Alikaa kwenye kiti cha kando ya dirisha, mkoba juu ya magoti, na mimi nikasoma nimesimama kama darasani. Palipoandikwa mtoto anahesabu vifungo alisema, "Vilikuwa kumi na moja. Kumi na mbili hakuijua." Nikangoja. Akasema, "Endelea."

Nilipomaliza alisema, "Nisomee tena pale pa miguu."

Nikasoma tena.

"Saa sita," akasema.

"Ndiyo, saa sita."

"Na mizinga saa tisa."

"Ndiyo."

"Miguu," akasema, na kichwa chake kikawa kinakwenda juu na chini taratibu. Nilidhani atakulaani, nikajiandaa kusikia, kwa sababu niliona ni haki yake na ni lazima mtu awepo wa kusikia. Hakulaani. Alimwomba Mwalimu atuache. Mwalimu akashuka chini kwenye duka la matairi.

Ndipo aliponiambia. Nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza.

"Siku ile ya kumi majirani wa nyumba ya pili walikuwa wamefunga mizigo. Walikuwa saba, wanakwenda shuleni kwa wenzao. Wamefika njiani kabisa. Nikasimama mlangoni nikawaita. Nikawaambia, mnakwenda kulala sakafuni na watoto kwa sababu gani? Njooni kwangu, hapa pana alama. Yule mume hakutaka, nikamtania, nikamwambia, wewe mwanamume gani unaogopa nyumba iliyopakwa rangi? Wakacheka. Wakarudi. Nikachukua ndoo nikaenda kuwatafutia maji ya kunywa, maana wageni hawakai bila maji."

Askari waliwazika wote pamoja, hakuna aliyehesabu. Watu walidhani wale saba walipotelea njiani. Yeye hakusema kitu, Mjomba. Kwenye kurasa zake tano hawamo. Aliandika watatu wake tu.

Na dada wa yule mume yu hai. Anaishi mtaa wa tatu kutoka kwetu. Kila mwaka shule zikifunguliwa anapeleka watoto wake kwa mshonaji wakapimwe sare. "Nawapima kwa mikono hii," aliniambia. "Mdogo wao ana mabega ya mjomba wake."

Nilimuuliza kama nichape. Akasema, "Usichape. Mwandikie yeye. Yeye amenipa lake, na mimi nampa langu, yeye peke yake. Yake ichapwe, iwekwe baada ya yangu. Na mwambie simsamehe. Mwambie pia asinisamehe." Kisha alisimama, akanyoosha kola ya blauzi yangu iliyokuwa imejikunja, akaniambia nani amekushonea hii, mshono umekwenda upande, akashuka.

Kwa hiyo kurasa zako zimechapwa, Mjomba. Ziko baada ya zake, chini ya jina la Rangi. Mwalimu aliporudi aliniuliza mama wa watu amesema nini. Nikasema ameridhia.

Sasa sikiliza jambo la mwisho. Juzi yule dada alikuja ofisini. Amesikia kuwa kitabu kinafungwa, akaja kuuliza kama katika yote tuliyoandika yuko mtu aliyemwona kaka yake kwenye njia ya shuleni. Mwalimu hakuwapo. Alikaa mbele yangu. Nilimpa maji. Aliniambia kaka yake alikuwa mrefu, akitembea anatanguliza bega moja, na mkewe alikuwa amembeba wa mwisho mgongoni. Nikaingiza karatasi nikachapa yote aliyosema, mpaka na rangi ya kitambaa cha mtoto. Aliuliza, "Hakuna hata mmoja aliyemtaja?" Nikasema hakuna. Ni kweli, hakuna aliyemtaja kwenye karatasi. Alinishukuru mara mbili, akasema nina mkono mwepesi.

Nilidhani nikishajifunza kusema, nitakuwa mtu wa kusema. Mama mfagizi alikuwa pembeni anaokota kaboni, akaniangalia sana, kisha kwa mara ya kwanza tangu Machi akafagia chini ya meza yangu.

Tuko watatu tunaolijua: mshonaji, mimi na wewe. Hata Mama nimemficha, na Mama sijawahi kumficha kitu ila ule ukurasa. Ukija, ukakaa chumba cha nyuma, utamwona yule dada akipita na watoto wake, maana dirisha linatazama njia. Atakusalimia, kwa sababu husalimia kila mtu. Muitikie tu. Hili lisitoke kwako, Mjomba. Hata ukiwa peke yako, mlango umefungwa, usilitamke.

Mpwa wako.